Mtoto Mnene Kuliko Wote

Ungetaka kumjua Felista, Bibi Maendeleo wa kijiji kile kipya upande wa Mungaa, ungemtazama akiamkiwa. Binti mdogo, kozi yenyewe ya ustawi wa akina mama kaisoma wiki chache tu mjini, lakini wanawake wa umri wa mama yake walimpa shikamoo naye akaitika marahaba bila hata haya. Damari naye alimwamkia. Afanyeje? Funguo za stoo ya maziwa ya msaada zilikuwa kiunoni kwa Felista.

Damari huyu mumewe, Anselm, alikwenda Itigi kutafuta kibarua cha reli, akapotelea huko huko. Operesheni ya vijiji ilipokuja, mgambo walimbomolea nyumba, wakamleta kijijini na mwanawe Yeremia mgongoni. Mvua zikagoma. Watu wakala unga wa njano wa msaada, ule walioupa jina la yanga: asubuhi uji wa yanga, jioni ugali wa yanga na mlenda. Yeremia alikuwa ameachishwa ziwa mapema kwa sababu mama alishika mimba nyingine kabla Anselm hajaondoka. Mimba ikaharibika, na ziwa lilikwisha kauka.

Mtoto akaanza kubadilika. Nywele zikawa nyekundu, akawa hachezi, hacheki, amenuna tu kama mzee aliyedhulumiwa shamba. Halafu miguu ikajaa, mashavu yakajaa. Damari alimbonyeza mguu kwa kidole, shimo likabaki pale pale. Akajua huo si unene, maana alikwisha zika mtoto mmoja aliyeanza hivyo hivyo.

Akakimbilia stoo. "Shikamoo, Bibi Maendeleo. Naomba maziwa, mtoto anaumwa."

"Huyu? Anaumwa nini na mashavu yote haya?"

"Nikimbonyeza, shimo linabaki."

"Si ndiyo mafuta hayo, mama! Maziwa ni ya watoto waliokonda. Ninyi mkipewa kidogo mnataka kila kitu."

Huyo ndiye mtaalamu tuliyeletewa, jamani! Akamning'iniza mtoto kwenye mizani, akaona uzito mzuri, kwake mambo yakaisha. Tena akafurahi, kwa sababu wageni wa mkoani walikuwa wanakuja kwenye Siku ya Watoto na yeye alikuwa hana cha kuwaonyesha. Watoto waliokonda, mama zao waliambiwa wabaki nao nyumbani wasikiaibishe kijiji. Yeremia akapakwa mafuta mpaka akang'aa, akapewa ushindi wa mashindano ya watoto.

Katibu Kata Melkizedeki, mwanamume mwenye kitambi ambaye yanga aliiona kwenye magunia tu, alimnyanyua juu. "Ndugu wananchi, mtoto mnene kuliko wote! Hayo ndiyo matunda ya siasa yetu!" Makofi yakalia. Yeremia alining'inia mikononi mwake kimya, hata nguvu ya kulia hana, na wageni wakasifu kwamba ana adabu. Puu!

Damari akakabidhiwa zawadi, beseni lililochorwa maua. Kiswahili kikamkimbia, akasema kwa Kinyaturu mbele ya wageni kwamba yeye hakuomba beseni, ameomba maziwa, mwanawe anakufa. Mgeni mmoja akauliza mama anasemaje. Felista akacheka. "Anashukuru sana kwa maziwa."

Tangu saa ile Damari alimdharau mpaka mwisho. Shikamoo yenyewe ikakoma. Beseni halikufika nyumbani. Alilipeleka moja kwa moja kwa Theresia, mke wa mfugaji Mughwai, ambaye ng'ombe wake wachache walikuwa bado wanakamulika. "Chukua hili, unipe maziwa ya mtoto kila asubuhi." Theresia akayapenda yale maua, wakakubaliana.

Damari akamnywesha mwanawe kwa kijiko, na kila kijiko kilikwenda na tusi kwa Felista. Mtoto akakojoa, akakojoa, uvimbe ukashuka, na chini yake ilikuwa mifupa mitupu. Lakini alianza kucheka. Siku aliyompokonya mama yake tonge mkononi, Damari alilia kwa furaha.

Siku ya kupima watoto ikarudi. Felista akaitazama mizani, akapiga kelele. "Wewe mwanamke, umemfanya nini mshindi wetu? Katibu Kata akija nitamwonyesha nini?"

"Amepona."

"Amepona nini, aliumwa lini? Unakula chakula cha mtoto wewe!" Akaingia stoo kwa hasira, akatoka na kopo. "Haya, sasa ndiyo amekonda. Chukua maziwa, na uone aibu."

Damari akalipokea, asante hakusema. Yeremia alikuwa anavuta kanga yake, analia kwa sauti ya mtoto mwenye njaa na nguvu zake. Aliyefuata kwenye mstari ni Elizabeti, jirani yao, ameketi chini, amempakata binti yake. Mashavu yamejaa, nywele nyekundu, kimya.

Uso wa Felista ukafunguka. Akamchukua yule mtoto, akamnyanyua juu watu wote wamwone. "Tazameni, jamani, tazameni! Mshindi wetu mwingine huyu hapa!"

Damari alimnyang'anya Felista yule mtoto, akamrudisha kwa mama yake, na kopo la maziwa akaliweka hapo hapo juu ya mapaja ya Elizabeti. "Inuka twende nyumbani," akamwambia. "Usimsikilize huyu. Mwanao anakufa."