Kitako Tulichokichagua Nizwa

Baba yangu alikuwa mwindaji Tabora kabla hajawa mzee wa Ibra, huku Omani. Miaka ya tisini, mimi nikifanya kazi ya uuguzi na yeye ameshastaafu, alijinunulia bunduki ya kuwindia kwa jamaa mmoja wa Sur. Kitako chake, ule mwili unaobeba mtutu na kuegemea begani, kilikuwa cha mti, kizito kama mlango wa ghala. Kuwinda kwenyewe kulikuwa kumekatazwa. Basi Ijumaa baada ya sala tulikuwa tukiteremka na gari mpaka kwenye mchanga, mbele ya Al Mintirib, tunapanga makopo ya maziwa juu ya tuta na kuyapiga shabaha.

Tulikuwa wawili tu. Kaka yangu alikuwa akifanya kazi Maskati, na bunduki hakuzipenda. Akisema zinamchafulia kanzu. Mimi Baba alinifundisha tangu utotoni, nimelala kifudifudi, pumzi naishika nusu. Kila kopo likiruka akinambia, "Wewe una mkono. Kaka yako ana mdomo." Maneno hayo nilikuwa nikiyachukua mpaka nyumbani, nikiyaweka moyoni kama akiba.

Bega lake lilipoanza kumuuma, bunduki nikawa naibeba mimi. Siku moja tumekaa kivulini mwa gari akasema, "Tuitafutie kitako chepesi. Mimi siku zangu za kubeba magogo zimekwisha. Chagua wewe, kama unajichagulia mwenyewe."

Mimi nilisikia "unajichagulia mwenyewe". Ile "kama" ilinipita.

Tukaenda Nizwa, kwa muuza silaha mmoja sokoni. Akatutolea vitako vitatu. Cha kwanza kilikuwa cha plastiki, chepesi kuliko vyote, lakini nilipokigonga kililia kama ndoo. Nikakibana kwa vidole pale mbele, kikapinda. Nikamwambia Baba, "Hiki kitaugusa mtutu, na mtutu ukigusana na kitu risasi inakwenda inakotaka." Cha pili kilikuwa cha mti uliochongwa ukawa mwembamba, kizuri kwa kutazama. Nikahofia joto letu lingekipasua. Cha tatu kilikuwa cha nyuzi zilizogandishwa kwa gundi, cha kijivu, hakina uzuri wowote. Lakini kilikuwa kigumu, na nyuma kina mpira mnene. Huo mpira ndio ulionivutia, kwa sababu bunduki ikiwa nyepesi teke lake linazidi.

"Binti yako anajua," yule muuzaji akamwambia Baba kwa Kiarabu. Baba akacheka, amefurahi.

Nikakijaribu urefu. Nikaweka mwisho wa kitako kwenye kiwiko kwa ndani, nikanyoosha mkono. Kidole changu hakikufika pa kufyatulia, kilipungua kiasi cha pingili moja. Muuzaji akasema atakikata hapo hapo, si kazi.

"Khallih," Baba akasema, kiache. Kisha akanigeukia. "Kitakatwa baadaye, mwanangu. Tukijaribu kwanza."

Nilimwamini. Njia nzima ya kurudi nilikipakata kitako kile mapajani.

Idi kubwa ilipofika, kaka yangu akaja kutoka Maskati. Alikuwa amechumbia nyumba ya watu wa pale pale Ibra, ambao babu zao hawakuvuka bahari, na sisi wakituita Wazanzibari hata tuliotoka Tabora. Jioni wanaume walikusanyika wadini, kwenye bonde la mto mkavu, kupiga shabaha. Sisi wanawake tulikaa juu, karibu na magari. Nikamwona Baba anafungua mlango wa nyuma, anatoa bunduki yenye kitako cha kijivu, anakwenda nayo mpaka kwa kaka yangu na kumkabidhi mbele ya wakwe zake watarajiwa. Watu wakapiga vigelegele. Kaka akaiweka begani. Kitako kilimkaa sawasawa, kidole kikafika bila kujinyoosha.

Hapo ndipo nilipofahamu kwa nini hakikukatwa.

Mama akaniuliza mbona nimeingia kukaa ndani ya gari. Nikamwambia upepo.

Asubuhi yake nilimpelekea Baba kahawa.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba. Umenuna."

"Ulijua tangu Nizwa?"

"Nilijua. Nilimwahidi tangu Ramadhani."

"Mbona hukunambia?"

"Ningekwambia, ungechagua vizuri vile?" Akanywa fundo moja. "Mwenzio anakwenda kuoa kwa watu. Lazima asimame na kitu mkononi. Wewe ungesimama nayo wapi?"

"Kule mchangani. Na wewe."

Baba aliizungusha kahawa ndani ya kikombe, akatazama mlango kama mtu anayengoja mgeni. Yule kaka nisingemlaumu sana. Yeye alipewa tu. Lakini Baba alikuwa amenichukua mpaka Nizwa, akaniacha nipime kwa mkono wangu kitu cha mtu mwengine, akanicheka kwa furaha huku anajua.

Tangu hapo niliomba zamu za Ijumaa hospitali. Chakula nilimpelekea kama kawaida, shikamoo nilimpa, na huko Al Mintirib hatukwenda tena.

Kaka alioa. Miezi ikapita, siku moja akanipigia simu.

"Dada, hii bunduki siku hizi inatupa kushoto. Nimeaibika mbele ya mashemeji."

Nilijua hapo hapo ni nini. Ni skrubu ya mbele, chini ya kitako, ilikuwa imelegea.

"Muulize Baba," nikamwambia.

"Nimemuuliza. Kasema nikuulize wewe."

Nikaihamishia simu sikio la pili.

"Basi mwambie Baba anipigie mwenyewe."

Baba hakupiga. Juma lile lile nilikwenda kwa wazazi na sinia la wali na papa. Tukala, akanisifu chakula, akaniuliza habari za hospitali, nikamjibu. Bunduki hakuitaja, na mimi ile skrubu sikuitaja.