Kuni za Fundi Duara

Jina alilopewa na wazazi wake lilishasahauliwa na wengi, na sidhani kama hata yeye angeitika mtu akimwita nalo ghafla. Aliitwa Fundi Duara, kwa kuwa kila kilichotoka mikononi mwake kilikuwa cha mviringo: michi midogo ya kutwangia vitunguu saumu, vishikizo vya makabati, miguu ya stuli, pia za watoto za kuzungusha. Karakana yake ilikuwa chumba kimoja ubavuni mwa nyumba, mlango ukitazama kichochoro, na mashine ya kukerezea, inayozungusha mti huku patasi ikiuchonga, aliyoifungia mota ya mashine kuukuu ya kufulia. Maranda yalimfika vifundoni. Yalikuwa nyweleni mwake, mifukoni mwake, na mara nyingi kwenye chai yake, ambayo aliinywa hivyo hivyo, akitema pembeni bila kulalamika.

Kazi zake zilikuwa ndogo ndogo, na hapo ndipo taabu ilipoanzia. Mbao laini hazifai kwa mchi, maana mteja atakula kitunguu na mbao humo humo. Alihitaji mbao ngumu, na wauza mbao ngumu hawakuwa na habari na mtu anayetaka kipande cha urefu wa kiganja. Walitaka ununue ubao mzima.

"Mzee, unajenga nyumba ya panya?" kijana mmoja wa kiwanda cha mbao alimuuliza, na wenzake wakacheka mpaka wakashikana mabega.

Basi akawa mtu wa macho juu juu. Kitanda kikivunjika mtaani, yeye alijua kabla ya mwenye kitanda hajaacha kusonya. Nyumba ya zamani ikibomolewa, alikuwepo. Siku moja msibani aligonga benchi kwa kidole na kutega sikio, asikie kama ni mninga, na dada yake akamfinya paja mbele za watu. Fremu moja ya mlango aliyoiokota kwa furaha kubwa ilikuwa na msumari tumboni. Patasi ikapata pengo, kipande kikaruka na kupita karibu na sikio lake, na kwa siku kadhaa aliogopa kuwasha mashine yake mwenyewe.

Hofu hiyo ndiyo iliyompeleka kwa Mama Kuni, maana gogo la kuni halifichi msumari.

Mama Kuni alikuwa mjane mwenye uwanja wa kuni nyuma ya soko, alioachiwa na marehemu mumewe. Watu walinunua mafungu yao na kuondoka. Fundi Duara alipoingia mara ya kwanza, macho yalimtoka. Kumbe katikati ya magogo ya hovyo kulikuwa na kisiki cha mchungwa, kipande cha mninga, na hata mpingo mweusi uliojificha kama mgeni mwenye aibu, vyote vikiuzwa kwa bei ya kuchemshia maji. Akajitia hamnazo. Alijua akisema ni vya kukereza, bei itapanda papo hapo.

"Nataka kuni za kupikia," alisema.

"Unapika nini?"

"Maharage."

Hakuwa mpishi. Mkewe alifariki zamani, na bintiye aliyeolewa mbali alimnunulia jiko la gesi, ambalo alilitumia kwa mayai na chai tu. Lakini kuanzia siku hiyo alikuwa mtu wa maharage. Kila alipokuja, alipita kati ya mafungu polepole, akagonga hapa, akanusa pale, akalamba kidole na kulowesha mti ili aone rangi yake. Mpishi gani ananusa kuni? Alijiona mjanja kweli kweli, maskini. Alirudi nyumbani na fungu begani, akachomoa kipande kimoja kizuri, na zilizobaki akampa jirani yake muuza maandazi.

"Maharage tena, fundi?" Mama Kuni angeuliza.

"Yananipenda."

"Haya. Kaa kwanza, jua kali."

Naye angekaa. Kulikuwa na kiti cha plastiki chenye mguu uliofungwa waya, na yeye Mama Kuni alikaa juu ya gogo. Walizungumza habari za magoti, za watoto wao, za mvua. Mara nyingine hawakuzungumza kitu, na Fundi Duara aliona hilo nalo linamtosha. Ilifika wakati shehena ya vipande karakanani ikazidi kazi alizokuwa nazo, na bado alikwenda. Alijiambia kwamba fundi mwenye akili huweka akiba.

Kisha siku moja Mama Kuni akamwambia anafunga.

"Watu wote wana gesi sasa. Mwanangu anakuja kunichukua Jumamosi, nikakae nao. Zitakazobaki anachukua mchoma matofali."

"Vizuri," Fundi Duara alisema. Ndilo neno lililotoka. Alichukua fungu lake, akaaga, na alipofika kona ndipo alipogundua kwamba hajalipia. Akarudi, akalipa, akasema tena "vizuri," akaondoka.

Juma lile alikuwa na kazi ya vishikizo vya kabati la mwalimu mmoja, na aliviharibu vyote. Bintiye alipopiga simu, alimweleza kwamba uwanja wa kuni unafungwa na sasa hajui atapata wapi mbao.

"Baba, si ulisema una mbao za kukutosha mpaka uzeeke?"

"Nimeshazeeka."

"Basi una za kutosha."

Akaanza kumtajia miti iliyompungukia. Bintiye akamkatiza kwa upole, "Baba, si mbao hizo."

"Nini?"

"Nasema si mbao zinazokuumiza. Nenda Jumamosi. Vaa shati safi."

Jumamosi alikwenda, na shati safi, ila maranda yalikuwa kwenye kola. Mtoto wa Mama Kuni alikuwa kijana wa heshima. Alimwamkia, akampa mkono, akaendelea kupakia masanduku kwenye gari dogo la mizigo lililokuwa likinguruma. Fundi Duara alisema amekuja kusaidia. Hakupata cha kusaidia, basi akaenda nyuma kabisa ya uwanja kuondoa bati kuukuu lililoegemea ukuta, angalau aonekane ana shughuli.

Nyuma ya bati kulikuwa na rundo. Si la kuni. Vipande vilipangwa juu ya mawe ili visiguse ardhi, vimeachiwa nafasi ya kupitisha hewa. Mchungwa, mninga, mpera, mpingo. Aliinua kimoja na kukigeuza, na akaona kwamba ncha zake zote mbili zimepakwa nta ya mshumaa.

Aliinua kingine. Nta. Kingine. Nta.

Hapo alipigwa na butwaa, na kila mkereza angempa haki. Mti ukikauka hupoteza maji haraka zaidi kwenye ncha, na huko ndiko unakopasukia. Anayetaka kuukereza hupaka nta ili ukauke taratibu, ubaki mzima. Lakini muuza kuni hana sababu ya kuzuia ufa. Kuni ikipasuka ndiyo inayowaka vizuri. Mtu wa kuni aliyekaa chini akapaka nta ncha za magogo, moja baada ya jingine, hakuwa anamfikiria mpishi.

"Umeziona," Mama Kuni alisema nyuma yake.

"Nani alikufundisha nta?"

"Nilipita kwako siku moja, hukuwepo. Nikaona vipande vyako dirishani, ncha zimepakwa nta. Nikamuuliza jirani yako wa maandazi, akanieleza. Akanishukuru na kwa kuni."

Fundi Duara alitamani ardhi immeze.

"Ulijua."

"Tangu mwanzo. Mtu anapika maharage kila siku na hanuki moshi hata kidogo?" Alicheka, kisha kicheko kikaisha. "Nilikuwa nakutolea moja moja. Ungejua ziko nyingi hivi, ungezibeba zote mara moja. Halafu ungekuja kufanya nini tena?"

Kijana akaita kutoka garini, "Mama, twende, foleni itatukuta!"

"Nakuja," alijibu, lakini miguu haikusogea. "Zote ni zako, fundi. Mchoma matofali nimemkatalia. Za chini bado mbichi, utaziangalia."

Fundi Duara alikuwa na mdomo mzito maisha yake yote. Hata mkewe marehemu aliposwa, aliyesema ni mjomba. Sasa hapakuwa na mjomba. Alisimama na kipande cha mchungwa mkononi, akakigonga kwa kidole kwa mazoea, na akaona jinsi anavyokawia, na jinsi mwanamke huyu mbele yake alivyokuwa akimpa nafasi ya kukawia. Akapiga moyo konde.

"Mwanzoni nilitaka kuni," alisema. "Sitaki kukudanganya. Mwaka wa kwanza ule nilikuja kwa ajili ya kuni. Baadaye nilikuwa nazo tele, na nilikuja. Sijawahi kupenda maharage. Usiende."

Alisema haraka, na kwa sauti kubwa kuliko alivyokusudia, hata kijana akasikia na kutoa kichwa dirishani.

Mama Kuni alimtazama. Alinyoosha mkono, akaondoa maranda kwenye kola ya shati lake, akayashika kiganjani kama vile hajui ayaweke wapi.

"Mwanangu," alisema bila kugeuka, "zima gari. Unamaliza mafuta bure."