Udi wa Bi Fakhriya na buibui mmoja aliyebaki

Jovitha anainama nyuma ya meza ya Kasmir, muuza ndizi wa Kariakoo, anachagua zilizoiva hadi zikapasuka. Mteja mmoja anamtazama kwa huruma.

"Si za kula hizo, usimwonee huruma," anacheka Kasmir. "Anafugia nzi."

Ni kweli. Vile vinzi vinavyozengea matunda ndivyo chakula cha buibui wake, na buibui wenyewe ni wadogo kuliko punje ya mchele. Ukiwaona ukutani utawapitishia ufagio bila hata kufikiri. Walitoka kwenye kijisitu nje ya mji, na kijisitu chenyewe kimekwisha, kimekuwa mkaa. Huenda wali tuliokula Buguruni wiki jana umepikiwa mkaa huo huo, nani ajuaye.

Watafiti waliowaokoa walimkabidhi Jovitha, mfagizi wa ofisi yao, awatunze na kuwazalisha mpaka upatikane msitu mwingine. Kiyoyozi cha ofisini kiliwakausha, kwa hiyo akawahamishia chumba cha uani alichopanga kwa Bi Fakhriya, karibu na Msimbazi. Huko waliishi kwenye chupa zilizofunikwa kitambaa chepesi.

Mwezi uliopita wakagoma kutaga. Jovitha hakulala kwa mawazo, akamlilia mwenye nyumba wake.

Basi Alhamisi jioni, Bi Fakhriya alipokuwa akifukiza nyumba kama kawaida yake, akaingiza chetezo chumbani kwa mpangaji. Akatia udi na ubani wa kutosha, akafunga mlango na dirisha.

"Nilisema huenda kuna jicho la hasidi," anasema bibi huyo, macho chini. "Mwanangu analia kila siku. Nikamfukizia, vidudu vyake vipate nafuu."

Jovitha alisikia harufu tangu barazani, akakimbilia uani.

"Nilimkuta anatabasamu, anasubiri nimshukuru," anasema. "Nikamwambia ahsante, mama. Kisha nikafungua mlango."

Walikuwa wamekufa wote, isipokuwa jike mmoja kwenye chupa iliyokaa chini ya ufa wa dirisha. Na jamani, huyo alikuwa ameshataga. Amekumbatia kifuko cha mayai kidogo kama ufuta, hakiachi, vinzi anavyoletewa havigusi. Anazidi kunyong'onyea. Wataalamu wamemwonya Jovitha asijipe matumaini, kwa kuwa jike hulinda hata mayai yasiyo na uhai.

Yeye anaendelea kufuata ndizi kwa Kasmir. Watoto wakitoka, anasema, atawagawa katika vyumba viwili tofauti, wasije wakaangamia pamoja tena. Lakini kabla ya hapo ataweka kiti karibu na ile chupa, amkalishe Bi Fakhriya, awe wa kwanza kuwaona.

"Tangu siku ile haingii kwangu," anasema Jovitha. "Kila asubuhi anasimama nje ya mlango, ananiuliza, 'Bado?' Namjibu, 'Bado, mama.'"