Nyimbo za Kufungia Samaki

Nikinusa mafuta ya samaki kwenye karatasi, hasira hunipanda hadi leo.

Padre wetu mzee alitafsiri nyimbo za kanisa kwa Kijaluo. Kila wimbo aliujaribu kwanza matangani, hapo mtaani kwetu Manyatta. Akina mama wakiendelea kuuimba njiani wakirudi nyumbani, aliuweka. Wakinyamaza, aliurarua akaanza upya.

Alipofariki, padre mpya alisafisha chumba chake. Wiki hiyo nikatumwa sokoni kununua mgongo wazi, ile mifupa ya mbuta iliyokaangwa. Mama aliikunjua karatasi iliyofungia samaki, akasoma. Ulikuwa mwandiko wa padre mzee: wimbo tuliomzikia dada yangu.

“Nani amekupa hii?”

“Mama wa samaki. Anasema padre mpya alimpatia gunia zima la karatasi hizi.”

Mama hakula. Alitoka bila viatu, akarudi na lile gunia kichwani.

Jumapili, padre mpya alipotangaza wimbo wa Kiingereza, Mama alisimama na ile karatasi, akaanza wa Kijaluo. Wanawake wote wakasimama na karatasi za guniani mikononi, wakaimba naye.

“Mama, kaa chini!” padre akafoka.

“Kaa wewe, Padre. Sisi bado tunamzika mzee wetu.”

Padre akakaa. Kanisa lote lilinuka samaki.