Ukoko wa Mkate wa Kumimina

Mwezi uliopita nilikuwa Mikumi kwa semina ya siku tatu. Asubuhi ya pili, kwenye meza ya chai ya hoteli, nikakuta mkate wa kumimina umekatwa vipande vidogo vya pembe tatu, kila kimoja kimechomekwa kijiti, na pembeni pana kibakuli cha asali. Wageni waliokuja kuangalia tembo walikuwa wanaupiga picha kabla ya kuula. Nikatia kipande mdomoni, na ndugu yangu, nikaweka kijiti chini. Haukuwa mbaya. Nazi ilikuwemo, iliki ilikuwemo. Ila ghafla nilikuwa mtoto wa miaka kumi tena, Kilosa, nimechuchumaa kando ya jiko la Bibi.

Bibi ndiye aliyenilea, na nyumba yetu haikuwa mbali na stesheni ya reli. Kila Ijumaa jioni aliloweka mchele, na alfajiri ya Jumamosi akautwanga hadi mtaa mzima ukaamka. Kazi yangu ilikuwa kukuna nazi. Nilikalia mbuzi nikakwaruza, na mkwaruzo ulipokatika tu Bibi alikohoa huko aliko, maana alijua naila. Tui, sukari, iliki na hamira viliingia, uji ukafunikwa hadi uumuke, kisha ukamiminwa kwenye sufuria iliyopata moto. Makaa machache chini, mengi juu ya mfuniko. Harufu yake ilifika stesheni kabla ya mkate wenyewe.

Kila mtu aliula kwa kadiri yake. Wenye harusi na watu wa maofisini waliagiza mzima, na huo Bibi aliutia mayai na zabibu kavu. Walimu na abiria wa treni walinunua kipande, kimefungwa kwa karatasi ya daftari. Wasiokuwa na kitu walichukua ukoko, ule mgando wa kahawia unaoshika chini ya sufuria, mtamu, mgumu pembeni, unaotafunwa taratibu. Ukoko haukuwa na bei. Mtu alikuja na fungu la mboga au vipande vya mkaa, akaondoka nao. "Ulimi hauulizi mfuko," Bibi alipenda kusema, akikwangua.

Jirani yetu alikuwa mjane. Baba yake alitoka mbali kuja kukata mkonge enzi za mashamba makubwa, akazeeka bila kurudi kwao. Yeye alilima mboga kando ya Mto Mkondoa, na alikuwa na binti wa rika langu, tukisoma darasa moja. Kila Jumamosi walikuja na tembele, na Bibi akawafungia ukoko kwenye jani la mgomba. Mimi na yule binti hatukusubiri ufike kwao. Tulikaa kizingitini tukamegeana, vidole vinanata, mama yake akitugombeza kwa mdomo tu.

Sasa sikiliza nilichofanya.

Tulikuwa darasa la nne. Miaka yote mimi ndiye niliyekuwa wa kwanza, lakini muhula ulipoanza yalisomwa matokeo ya uliopita, na wa kwanza akawa yeye. Mwalimu akaniambia nisimame nimpigie makofi. Nikapiga, mashavu yananiwaka. Wakati wa mapumziko, pale bombani, wenzetu wakimpongeza, nikasema kwa sauti ya kusikika na wote: "Atakosaje akili, na sisi ndio tunaomlisha makoko?"

Walicheka. Kufikia saa ya kurudi nyumbani walishampa jina, Makoko. Niliwasikia wakimwita hivyo njia nzima, nikatembea nao. Yeye alitembea mbele yetu, hakugeuka hata mara moja.

Jumamosi iliyofuata mama yake alikuja peke yake. Ile ya pili hakuja mtu. Bibi akaniuliza jirani wana nini, nikamjibu kwamba wamebanwa na palizi. Ukoko ukakauka sufuriani hadi kuku wakaumaliza. Ndipo mwalimu alipopita kununua kipande chake, akamweleza Bibi kila kitu, mimi nimesimama pale pale na bakuli la tui mkononi.

Nilitegemea fimbo. Bibi alimaliza sala ya alasiri, akakunja msala, akaniita nikae.

"Unadhani ukoko unajifanya wenyewe?" akaniuliza. "Mimi huacha uji mwingi chini, nikauacha ushike makusudi. Yule mama hapokei sadaka. Nilitafuta njia ya kumpa bila kumwinamisha, nikaipata. Wewe umeiziba."

Kesho yake alipika mkate mzima wa mayai, kama wa harusi, akauweka kwenye sinia na kuufunika kitambaa cheupe. Akaniagiza niupeleke mwenyewe, niamkie, na niombe radhi kwa mdomo wangu.

Nilikwenda. Nilimwamkia jirani shikamoo, akaitika marahaba, akapokea sinia kwa mikono miwili na kumwita binti yake. Nikafungua mdomo. Kilichotoka ni kwamba Bibi amewaletea mkate. La radhi sikulisema.

Binti aliutazama mkate, halafu akanitazama mimi.

"Mimi nilikuwa napenda ukoko," akasema, akarudi ndani.

Hakukuwa na hasira katika sauti yake. Ingekuwepo ningejua la kufanya. Niliporudi, Bibi aliniuliza kama nimeomba radhi. Nikasema ndiyo. Bibi amekufa akiamini hivyo.

Muhula ulipoisha, jirani zetu wakahama. Mjomba wa yule binti alipata kazi kwenye miwa huko Ruhembe, akawaita. Nilikubali kwamba amekwenda kweli siku nilipokuta nafasi yake kwenye dawati ni tupu, na mwalimu akampanga mtoto mwingine.

Basi semina ya Mikumi ilipofungwa sikupanda gari la kurudi nyumbani. Nilipanda la Kidodi. Tulikwenda nyuma ya malori ya miwa, polepole, na hadi Ruhembe nilikuwa nayapanga maneno yangu kama mtoto anayekariri shairi. Nilimuulizia yule mjane kwa wauza mboga sokoni, wakanielekeza bila shida.

Nilimkuta yule mama barazani anachambua mchicha. Amekuwa mzee, mgongo umepinda. Nilimwamkia, nikajitambulisha kuwa ni mjukuu wa bibi wa mikate wa Kilosa. Aliuacha mchicha, akanishika uso kwa viganja vyote viwili kama anayepima kama nimekua. Nikamuuliza rafiki yangu yuko wapi.

Akanijibu taratibu kwamba huu ni mwaka wa tatu tangu wamzike. Uvimbe wa titi, na ulijulikana kwa kuchelewa.

Maneno yangu yote yalikosa mtu wa kuyapokea, nikamwambia yeye. Nilimweleza ya bombani, ya sinia, na uongo niliomwambia Bibi. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Hakuwahi kuniambia hayo," akasema. "Kukuhusu wewe alikuwa na habari moja tu. Kwamba masika ulikuwa unamvusha mtaro wa shule kwa kumshika mkono, kwa sababu yeye aliogopa maji."

Hilo la mtaro nilikuwa nimelisahau kabisa. Hata sasa ninalitafuta kichwani na sioni chochote, si maji, si mkono wake. Alikwenda nalo yeye.

Nilirudi kwa njia ya Kilosa ili nipaone. Nyumba ya Bibi ina wapangaji, kinu hakipo, na Jumamosi inakucha bila mtu kutwanga. Dukani kuna mikate ya kiwandani iliyofungwa kwa nailoni, yote saizi moja, na asiyekuwa na kitu anapita mbele yake bila kusimama.

Nilisimama kidogo uani, wapangaji wakinishangaa. Kati ya mlango wetu na mlango wa yule jirani palikuwa na ua wa mabua usiofika kiunoni, na hatua zisizozidi thelathini. Nilikuwa na muhula mzima wa kuzivuka.