Kalamu Iliyotiwa Zebaki

Kalamu yangu ya kujaza wino niliinunua Sirari, kwenye meza ya mama mmoja aliyeuza pia nyembe, vitana na betri za redio. Ilikuwa ya Kichina, mwili wa plastiki rangi ya damu ya mzee, mfuniko wa bati, na bei yake haikuipita sana bei ya mche wa sabuni. Naitaja bei kwa sababu walimu wenzangu walipoiona walidhani nimeanza kujidai. Wao waliandika kwa peni za kawaida, zile ambazo zikipata jua zinavuja mfukoni na zikikosa jua zinagoma, na kila wiki walikuwa wakiazimana. Mimi sikuazima wala sikumwazima mtu. Kalamu ya namna ile huuzoea mkono mmoja, na mkono wangu una ukali wake.

Nilikuwa nafundisha shule ya msingi Nyamongo, miaka ile ambayo wachimbaji wadogo walijichimbia popote walipopataka, kabla ya mgodi mkubwa na uzio wake. Vumbi la mawe yaliyosagwa liliingia kwenye ugali, kwenye vitanda, kwenye macho. Likiingia kwenye kalamu, wino unakwama. Kwa hiyo kila Jumapili baada ya kanisa niliifungua, nikaisuuza kwa maji ya uvuguvugu mpaka yakatoka meupe, nikaikausha kwa kipande cha khanga kuukuu, kisha nikachovya ncha kwenye chupa ya wino na kukifinya kipira cha ndani mpaka kishibe. Kidole changu cha kati kilikuwa cha bluu muda wote wa muhula. Karatasi za daftari za dukani zilikuwa nyepesi, wino ukipenya upande wa pili, nami nikazoea kuandika kwa mkono mwepesi hata mwandiko wangu ukatengemaa. Niliipenda kalamu ile, na sioni haya kusema.

Kwa kalamu hiyo niliandika maandalio ya masomo, nikasahihisha, na kila mwisho wa mwezi nikamwandikia mama aliyekuwa nyumbani kwetu Nyanungu. Mama hakujua kusoma, alisomewa na katekista wa kigangoni kwao. Habari aliyoitaka ilikuwa moja tu, nayo ni ya kaka.

Kaka ndiye mkubwa wetu. Baba alipofariki, shamba na ng'ombe viliangukia mikononi mwake, naye akaviacha mikononi mwa mama akaja Nyamongo kuchimba dhahabu. Aliaga kwamba atarudi kabla ya mvua. Mvua zikaja, zikaisha, yeye yuko shimoni. Jumapili alikuja kula kwangu, na kila Jumapili nilimuuliza anarudi lini, naye akanijibu kwamba harudi mikono mitupu. Kwetu kijana aliyetoka kwenda kutafuta akirudi, mama yake humpokea uani majirani wakiona, naye humtilia mama kitu mkononi. Hata kilo ya sukari inatosha. Nilimwambia hivyo, akaniuliza kama kweli namtaka atoke kwenye machimbo ya dhahabu akampelekee mama sukari.

Jumapili moja alinikuta nasuuza kalamu. Akaiokota ncha kwenye sahani, akaigeuza kwenye mwanga, akaikwaruza kwa ukucha. Ilikuwa ya manjano, inang'aa. Akasema hiyo ni dhahabu. Nikacheka. Nikamweleza kwamba ni chuma kilichopakwa, na kwamba hakuna Mchina wa kumuuzia mtu dhahabu kwa bei ya sabuni.

"Mwalimu," akasema, "wewe unajua chaki. Haya niachie mimi."

Nilimnyang'anya ncha yangu. Lakini tangu siku hiyo hakukaa kwenye kiti changu bila macho yake kwenda mezani ilipo kalamu. Kaka alikuwa amechimba muda mrefu bila kupata cha maana, na mtu aliyefika hapo huiona dhahabu hata kwenye meno ya mbwa.

Kisha mama akatuma mtu. Mvua zimeanza, ng'ombe wa kulimia wapo, plau ipo, wa kuishika hayupo. Kaka asipokuja shamba litalala mwaka mzima, na yeye mama hajui watakula nini. Nilimpa kaka ujumbe huo kama ulivyo. Akaendelea kumega ugali. Halafu macho yake yakaenda mezani.

Hasira ikanipanda, na nilichosema nilikisema kwa hasira. "Ichukue. Ikiwa si dhahabu, Jumamosi unapanda gari unakwenda kulima. Ikiwa ni dhahabu, sitakuuliza tena habari za kurudi."

Alikubali haraka. Mimi sikuwa na wasiwasi, jambo lile nilikuwa nalijua kama ninavyojua saba mara nane. Niliihesabu kalamu yangu kuwa imekwenda na kaka kuwa amerudi, na niliona nimefanya biashara nzuri.

Kesho yake baada ya vipindi nilikwenda mpaka wanapooshea mchanga, maana sikutaka kuhadithiwa. Wenzake walikuwa wamekwisha kupata habari, wamezunguka karai. Kaka akamimina kutoka kwenye kichupa zebaki kidogo, ambayo huinasa dhahabu, akaitia ncha ya kalamu humo na kuisugua kwa dole gumba, taratibu, namna wanavyosugua mchanga wao. Wakati ule hakuna aliyeiogopa zebaki, waliishika kama maji. Ncha ilipotoka ilikuwa nyeupe. Manjano yote yalikuwa yamebanduka.

"Rangi hiyo," nikasema.

Kaka aliikamua zebaki kwenye kitambaa, kilichobaki akakiweka juu ya sepetu na sepetu juu ya moto, wote tukarudi nyuma kwa sababu ya moshi. Moshi ulipokwisha akainama. Wenzake wakainama. Mmoja akaniita, mwalimu njoo uone. Katikati ya sepetu palikuwa na kitu kidogo kuliko punje ya chumvi, na kilikuwa kinang'aa manjano.

Ilikuwa dhahabu; chuma kweli kilikuwa kimepakwa, ila kilipakwa dhahabu. Mnunuzi mwenye mizani aliiweka kwenye kisahani, mizani haikutikisika, akairudisha kwa njiti ya kiberiti, ila hakukana kwamba ni dhahabu. Wenzake wakampiga kaka mgongoni wakimwita mura, yaani kijana, wakimwambia una jicho. Sikuwa nimemwona kaka na furaha ya namna ile tangu baba alipokuwa hai. Akaifunga punje kwenye karatasi ya ndani ya pakiti ya sigara, akaitia mfuko wa shati, akanirudishia ncha yangu.

Nilirudi nyumbani nalia, kwa kuwa nilikuwa nimempa sababu ya kubaki. Niliisuuza ncha mara nyingi, nikaipachika, nikajaza wino. Iliandika vilevile kama ilivyokuwa. La kwanza nililoandika ni barua kwa mama, na nilimweleza yote bila kumficha: zebaki, sepetu, punje ambayo hata mizani haikuiona, na kwamba kaka haji, wala mimi siruhusiwi tena kumuuliza.

Jibu lililetwa kwa mdomo na mwanamke aliyekuja sokoni kuuza mtama. Mama alikuwa amesema neno moja. Jumapili nilimpakulia kaka chakula, nikamwambia kwamba mimi siulizi kitu, ila kuna salamu za mama.

"Amesema umpelekee hiyohiyo."

Kaka akaacha kula. Akasema ni ndogo mno. Nikamwambia akamwambie mama mwenyewe. Akashika mfuko wa shati, sahani yake ikapoa.

Tulikwenda pamoja Jumamosi, maana nilikuwa simwamini. Mama alikuwa ametoka uani, na majirani walikuwapo. Kaka akamwamkia, akaikunjua ile karatasi, akaidondosha punje kwenye kiganja cha mama. Kiganja cha mama kilikuwa kimepasuka kwa jembe, mistari yake imejaa udongo, na punje ilipotua iliingia kwenye mmoja wa mistari ile tusiione tena. Kaka aliinama kuitafuta.

Mama akafumba mkono. "Nimepokea," akasema, na kwa mkono wa pili akamwonyesha nira ilipo.

Kaka alilima siku hiyohiyo mpaka jua likashuka. Jioni mama alisonga ugali kwa mkono uleule uliopokea punje, tukala.