Injini ya Vichwa Viwili

Nyinyi mliosoma huku juu Kibugu miaka ile ya mwanzo ya uhuru mtakumbuka kwamba tulikuwa na treni yetu wenyewe. Unashika sweta ya aliye mbele yako, naye anashika ya mwenzake, mpaka tunafika watoto ishirini au thelathini, halafu tunateremka njia ya mtoni katikati ya michai tukipuliza chu-chu, chu-chu, na baridi ya asubuhi ikigeuza pumzi zetu kuwa moshi mweupe. Miguu ilikuwa mitupu. Umande ulikuwa unauma kama maji ya barafu. Mfukoni mtu ana kipande cha nduma iliyochemshwa jana. Sweta zilivutika nyuma mpaka zikafika magotini, na mama yangu alikuwa akinishika mlangoni na kuniambia, "Igoki, hii sweta yako sasa ina mkia mrefu kuliko ng'ombe wa baba yako."

Ajabu ni kwamba hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa ameona treni. Reli haikuja Embu na mpaka leo haijaja. Ilipita mbali, kule Sagana, ikaelekea Nanyuki. Sisi tulikuwa na picha moja tu, ndani ya kitabu cha kusoma cha darasa la tatu: injini nyeusi ya Ulaya, bomba refu la moshi, na mzungu mwenye kofia anayetupa makaa ya mawe kwenye moto kwa sepetu. Kitabu hicho kilikuwa kimeshikwa na mikono mingi kiasi kwamba ukurasa wa treni ulikuwa umelainika kama kitambaa. Wavulana waligombana juu ya nani ataukalia karibu. Kwetu sisi hakukuwa na kitu kizuri zaidi duniani kilichowahi kutengenezwa na binadamu.

Nilikuwa darasa la nne baba aliponipeleka Thika kuona daktari wa masikio. Tulienda na basi, tukarudi na basi. Jumatatu nilipoingia uwanjani wenzangu walinizunguka wakitaka kujua nimeona nini, na mimi, ambaye kwenye treni yetu nilikuwa nawekwa mkiani kwa sababu nilikuwa msichana mfupi na sikio langu lilikuwa linatoa usaha, nilisikia mdomo wangu ukisema, "Nimepanda garimoshi."

Sikupanga kusema hivyo. Lakini lilipokwisha kutoka, niliona nyuso zao zikibadilika, na nikaongeza. Niliwaambia ni jeusi tititi. Niliwaambia bomba lake ni refu kama mnara wa kanisa, na kwamba dereva alinipa nafasi ya kutazama yule mtu anayetupa makaa. Yote yalitoka kwenye kitabu, isipokuwa dereva alikuwa Mwafrika sasa, maana tulikuwa tumepata uhuru.

Kuanzia siku hiyo nikawa kichwa cha treni. Nilipewa mapera bila kuomba. Watu wa darasa la sita walikuwa wanakuja kuniuliza kama mlio wake unaumiza. Mwaka mzima niliishi hivyo, na niseme ukweli, niliishi vizuri.

Halafu, tukiwa darasa la tano, akaja Rwamba.

Alitoka chini, Ishiara, kwenye joto na mbuzi, akaja kukaa na shangazi yake aliyeolewa huku kwetu. Alikuwa mwembamba, mkimya, na anasema Kimbeere chake ambacho sisi wa juu tulikicheka ingawa tulikielewa neno kwa neno. Tuliambiwa baba yake anafanya kazi relini. Mimi niliposikia hayo nilijua amekuja mtu anayeweza kuniumbua. Nilikaa mbali naye muhula mzima.

Siku ilifika Mwalimu Njeru alipotutoa nje kufinyanga udongo. Mwalimu Njeru alikuwa mtu mwema kwa kipimo cha walimu wa wakati ule, yaani alikuwa anachapa lakini akikumbuka sababu. "Leo kila mtu anifinyangie garimoshi," alisema. "Nitachagua lile zuri kuliko yote tuliweke dirishani."

Wote walikuja kwangu. Igoki, bomba liwe hivi? Igoki, magurudumu mangapi? Nilikuwa nikitoa amri kama mkandarasi. Rwamba peke yake hakuja. Alikuwa amekaa pembeni na udongo wake, na alikuwa amechanganya ndani udongo wetu mwekundu wa shambani, ukawa na rangi ya maharagwe yaliyoiva. Alipomaliza tulikwenda kutazama. Kilikuwa kitu kirefu chembamba. Mbele kilikuwa na tangi juu ya magurudumu yake, nyuma pia kilikuwa na tangi juu ya magurudumu yake, na katikati, tumbo nene la mviringo lilikuwa limening'inizwa baina ya hayo mawili kama mtu anayebebwa kwenye machela. Ukikigeuza hujui kinaelekea wapi.

"Hii ndiyo nzuri kuliko zote," alisema Rwamba. Sikuwa nimewahi kumsikia akisema maneno mengi. "Ina vichwa viwili ndio iweze kupinda kwa kona za mlimani. Kichwa cha mbele kinapinda kwanza, na cha nyuma kinafuata. Baba anasema ukiiona kwa kona ni kama nyoka anatembea."

Watoto walicheka mpaka wakashika mbavu. Mwalimu Njeru alikuja, akakitazama kitu kile, akainua uso.

"Igoki. Wewe ndiye umepanda. Garimoshi liko hivi?"

Mpaka leo nakumbuka nilivyokuwa nimesimama, udongo ukinikaukia vidoleni. Ningeweza kusema sijui. Ningeweza kusema labda yapo ya aina nyingi. Hilo tu lingetosha, na uongo wangu ungebaki mzima.

"Hapana Mwalimu," nilisema. "Hakuna kitu kama hicho."

"Rwamba, hiyo yako inachoma nini?"

"Mafuta, Mwalimu. Mazito, meusi. Baba ndiye anawasha."

"Si makaa?"

"Hapana makaa, Mwalimu."

Mwalimu aliagiza kitabu cha darasa la tatu kikaletwa. Akamfungulia ule ukurasa laini, akamwonyesha sepetu, akamwonyesha makaa. Rwamba alitazama picha, akatazama udongo wake, akasema polepole, "Lakini baba aliniambia." Alichapwa viboko viwili vya mkono kwa kusema uongo na kushikilia, kisha akaambiwa aivunje aanze upya. Aliibonyeza kwa kiganja kilekile kilichochapwa. Lililowekwa dirishani lilikuwa langu.

Laiti ningeishia hapo. Watoto walianza kumwita Vichwa Viwili, na mimi nikaona kwamba hatari bado haijaisha, maana ipo siku angeleta ushahidi. Kwa hiyo siku moja tukichota maji mtoni nikawaambia wenzangu, kama mtu anayewaza tu, "Labda hata huyo baba hayuko relini. Labda yuko jela, ndio maana haji." Sikusema zaidi. Haikuhitajika. Kabla ya Ijumaa shule yote ilikuwa inajua kwamba baba yake Rwamba ni mfungwa.

Mwaka uliofuata Mwalimu Njeru alitutangazia kwamba darasa la sita tutakwenda Sagana na lori kuona garimoshi. Wengine waliruka juu ya madawati. Mimi asubuhi ya safari niliamka nikishika tumbo. Mama aliniwekea mkono kwenye paji la uso, akanitazama kwa muda, akasema, "Hili tumbo likinywa uji litapona. Vaa viatu vya kanisani."

Tulisimama kando ya reli kama watu wanaosubiri gavana. Tuliisikia kwanza miguuni. Halafu ikatokea kwenye kona ya miti, na nilipoiona nilijua kwamba Mungu yupo na ananitazama. Ilikuwa nyekundu iliyokolea, rangi ya maharagwe. Ilikuwa na tangi mbele na tangi nyuma, na tumbo lake la mviringo limening'inia katikati, na ilipopinda ile kona, kichwa cha mbele kilitangulia, mwili ukafuata, kichwa cha nyuma kikaja mwisho, taratibu, kama nyoka. Vyuma virefu vya magurudumu vilikuwa vinakwenda mbele na nyuma viking'aa kwa mafuta. Nimeona vitu vingi tangu hapo. Sijaona chuma kingine kilichochongwa vizuri namna ile.

Mwalimu Njeru alivua kofia.

Injini ilisimama kunywa maji, na mtu mmoja aliyevaa ovaroli akateremka akijipangusa. Mwalimu alimsalimia, akamweleza tunatoka Kibugu. Yule mtu akasema kwa sauti kubwa, "Kibugu? Basi hapa kuna mtoto wa Nyaga! Rwamba wa Nyaga yuko wapi? Baba yako sasa ako njia ya Mombasa, anakutaja kila siku!" Kisha akatueleza sote, bila kuulizwa, kwamba injini za nchi hii zinawashwa kwa mafuta, na kwamba kazi ya Nyaga ni kulisha huo moto, na hakuna anayemshinda.

Alimbeba Rwamba akampandisha juu. Mwalimu, naye labda akitafuta cha kufanya, akasema, "Igoki, wewe umezoea. Panda umwonyeshe mwenzako."

Nilipanda. Kulikuwa na joto la kutisha na harufu ya mafuta, na mabomba membamba ya shaba na mishale inayotetemeka kwenye vioo, na mguu wangu haukuwa unajua pa kukanyaga. Rwamba alinishika mkono, mkono wangu wa kulia, akauweka kwenye chuma kisicho cha moto.

"Shika hapa," aliniambia. Halafu kwa sauti ndogo ambayo wengine wasingeisikia, "Hukuwahi kupanda, sivyo?"

Hakukuwa na ubaya machoni mwake. Alikuwa anauliza tu, kama mtu anayetaka kujua. Tulikuwa sisi wawili.

"Nilipanda," nilisema. "Ile yangu ilikuwa nyingine. Nyeusi."

"Sawa," alisema Rwamba. Akaachia mkono wangu.

Kesho yake Mwalimu Njeru alifanya jambo ambalo wengi wenu mtasema halikuwahi kutokea shuleni enzi zile. Alimsimamisha Rwamba mbele ya darasa akamwambia, "Mimi nilikuchapa na wewe ulikuwa unasema kweli. Nisamehe." Kisha akatutazama sisi, akapitisha macho dawati kwa dawati, na yakasimama kwangu. "Kuna mwingine ana neno?"

Dawati langu lilikuwa na herufi zilizochongwa na watu waliotutangulia. Nilizisoma zote. Mwishowe akasema, "Haya, fungueni hesabu."

Rwamba alirudi Ishiara mwisho wa mwaka. Injini za moshi nazo ziliondolewa baada ya miaka, zikaja za dizeli, ambazo zinafanana na sanduku. Mimi nilisoma, nikapata kazi ya ofisi Embu mjini, nikaolewa, nikazeeka. Na miaka michache iliyopita, nikiwa soko la Ishiara kununua ndengu, nilimkuta Rwamba amekaa nyuma ya magunia yake. Nilimjua kwa namna alivyonyamaza.

Nilijitambulisha. Tulisalimiana vizuri, tukaulizana habari za watoto. Kisha, kwa sababu nilikuwa nimeshastaafu na nilihisi siwezi kwenda kaburini nalo, nikamwambia yote. Thika, basi, kitabu, udongo, hata lile la mtoni kuhusu jela. Nilimwomba msamaha.

Alisikiliza huku mkono wake ukichagua mawe kwenye ndengu.

"Lile la kupanda nililijua," alisema. "La jela sikujua ni wewe." Akatupa jiwe. "Krismasi ile baba alikuja likizo. Nikamuuliza kama kweli anafanya kazi relini, ama alikuwa amefungwa. Nilikuwa mtoto, watu wote walikuwa wanasema. Hakunipiga. Alinionyesha tu mikono yake, vile ilikuwa imeungua. Lakini zamani akija alikuwa anatusimulia injini usiku kucha, iko hivi, iko vile. Baada ya hapo hakusimulia tena. Hata nilipotoka Sagana nikamwambia nimeiona, ni nzuri kama alivyosema, aliitikia tu."

"Yuko?" niliuliza.

"Alitangulia zamani."

Alinipimia ndengu, akaongeza konzi moja juu, kama wanavyofanya kwa mtu wa nyumbani. "Tulikuwa watoto, mama," aliniambia. Nilishukuru. Lakini nilijua, naye alijua, kwamba maneno hayo hayakumrudishia baba yake sauti.

Siku hizi wajukuu wangu wakitaka kuona treni wanagusa kioo cha simu, na treni za dunia nzima zinapita mezani, nyekundu, kijani, buluu. Mmoja wao akidanganya kwamba amepanda ndege, wenzake wanahakikisha kabla ya uji kupoa, wanamcheka, yanaisha. Hawajui kushikana sweta. Hawawezi kuteremka mtoni bila kulalamika magoti. Huwa nawatania kwamba mvua ya Kibugu ingewayeyusha kama sukari. Ila uongo wao hauishi mwaka mzima kwa raha, ukala mapera.

Kila Alhamisi tunakutana kanisani sisi kina mama wa rika letu, na mazungumzo hayakawii kufika palepale: watoto wa siku hizi hawana adabu, watoto wa siku hizi ni waongo, enzi zetu tulilelewa, enzi zetu mtoto alikuwa hawezi kusimama mbele ya mwalimu akasema lisilo kweli. Wote wanaitikia, naam, kweli kabisa. Kisha wananigeukia mimi, kwa sababu mimi ndiye karani na nina kumbukumbu nzuri, wanasema, "Si ndiyo, Igoki?"

Nami huwa nainuka kwenda kuangalia chai kama imechemka.